Lushoto au Marangu: uchague mji gani wa milimani, na mwezi gani

Anayetaka kukimbia joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa kwa siku chache huambiwa majina mawili kwa pumzi moja: Lushoto na Marangu. Yote miwili ni miji midogo ya mashambani katika Kanda ya Kaskazini ya Tanzania. Mwinuko wake unakaribiana sana, takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na yote ina baridi, maporomoko ya maji, msitu juu yake na vijia vinavyopita katikati ya mashamba. Watu wakasadiki kwamba kwenda huku au kule ni mamoja, na hapo ndipo safari nyingi zinapoharibika. Anayepanda Marangu mwezi wa Aprili ili auone Mlima Kilimanjaro atarudi hajauona. Anayekwenda Lushoto kwa usiku mmoja ataacha nusu ya muda wake kwenye kona za barabara inayopanda kutoka Mombo.

Msimamo wetu tunauweka mbele. Ukiwa na siku tatu au zaidi na unapenda kutembea kwa miguu, nenda Lushoto. Ukiwa na siku moja au mbili, na hasa ukiweza kwenda Januari au Februari, nenda Marangu. Mwezi una uzito kuliko umbali, na idadi ya siku ina uzito kuliko sifa za jina.

| | Lushoto | Marangu |
|---|---|---|
| Mkoa | Tanga | Kilimanjaro |
| Mwinuko | kama mita 1,400 | kama mita 1,400 Marangu Mtoni. Kama mita 1,860 kwenye geti la hifadhi |
| Mvua kwa mwaka | kama milimita 1,000 hadi 1,100 | kama milimita 1,500 au zaidi. Msituni juu hupita 2,000 |
| Unapoiacha barabara kuu | Mombo, kisha kilomita 33 za kona | Himo, kisha mwendo wa chini ya nusu saa |
| Siku zinazotosha | 3 hadi 5 | 1 hadi 2 |
| Miezi tunayoipendekeza | Januari, Februari, mwisho wa Juni hadi Oktoba | Januari, Februari, Septemba, mwanzo wa Oktoba |
| Kilicho bora | kutembea kijiji hadi kijiji, magenge ya miamba, kulala njiani | siku moja ndani ya msitu wa Kilimanjaro, maporomoko, kahawa |

Upepo ndio unaoamua

Miji miwili yenye mwinuko mmoja inakuwaje na hali ya hewa tofauti? Jibu ni upande gani kila mmoja unatazama upepo wa bahari.

Kusi huvuma kutoka baharini kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, ikiwa imebeba unyevu. Marangu iko kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro, uso kwa uso na upepo huo. Hewa ikigonga mlima hulazimika kupanda, ikipanda hupoa, ikipoa humwaga maji. Ndiyo maana masika ya Marangu ni mazito, na hata yakiisha mwishoni mwa Mei, mawingu hayaondoki. Juni, Julai na sehemu ya Agosti ni miezi ya wingu zito lililokaa chini, manyunyu ya asubuhi na nguo zisizokauka. Kalenda nyingi za watalii huandika miezi hiyo kuwa ya kiangazi, na kwa mpandaji anayekwenda juu ya mawingu ni kweli. Kwa mtu anayebaki chini kwenye migomba, si kiangazi anachokitarajia.

Lushoto imekaa kwa ndani. Katika milima yake, Usambara Magharibi, kusi hugonga kwanza safu za mashariki, upande wa Bumbuli na Mazumbai, na mvua nyingi humwagwa huko. Hewa inapofika Lushoto imeshapunguza mzigo, na ikishuka ukingo wa magharibi kuelekea Mombo na Mazinde huwa kavu kiasi kwamba kule chini kinachostawi ni mkonge. Kwa hiyo kipupwe cha Lushoto ni cha baridi na ukungu wa asubuhi, lakini mara nyingi ukungu huo hupasuka kabla ya adhuhuri na njia hukauka. Usidharau baridi yenyewe. Usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na nyumba nyingi za wageni hazina kitu cha kupashia chumba. Uliza idadi ya mablanketi kabla ya kulipa.

Kanuni ya kukumbuka: kila mita 1,000 unazopanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi. Mombo iko chini ya mita 500, hivyo ukiondoka pale na nyuzi 30 utaikuta Lushoto na 24 au 25 mchana uleule. Marangu hesabu hiyo inaendelea juu zaidi. Ikiwa Marangu Mtoni kuna nyuzi 22, kwenye vibanda vya Mandara, kituo cha kwanza cha wapanda mlima, mita 2,720, tarajia 14, na ukiwa umelowa jasho au mvua utahisi ni chini ya hapo. Wengi wanaorudi nusu ya njia ya Mandara hawarudishwi na uchovu. Hurudishwa na fulana ya pamba iliyolowa.

Kaskazi ikishika, Desemba hadi Machi mwanzoni, mambo hugeuka. Januari na Februari ndiyo miezi ambayo Marangu haina mpinzani. Hewa ni kavu na vilele vya Kibo na Mawenzi huonekana asubuhi baada ya asubuhi. Hata hivyo, kuna saa zake. Mlima hufunguka alfajiri, saa 12 hadi saa 2 au 3 asubuhi. Jua likishaupasha moto mteremko, hewa yenye unyevu hupanda kutoka msituni na kufanya wingu, na ifikapo saa 4 kilele kimefunikwa hadi jioni. Tena Marangu Mtoni imezungukwa na vilima, migomba na miti mirefu, kiasi kwamba sehemu nyingi kilele hakionekani hata anga ikiwa safi. Ukitaka picha, shuka mapema kuelekea Himo ambako uwanda unafunguka, au panda hadi kreta ya Maundi, juu kidogo ya Mandara.

Kufika

Ukitokea Dar, Mombo unaikuta kwanza. Moshi iko zaidi ya kilomita 200 mbele yake kwenye barabara ileile inayopita Same. Kwa mtu wa Dar au Tanga, Lushoto inaokoa saa kadhaa za basi. Anayetokea Arusha au Moshi, hesabu inageuka: Marangu ni safari ya kwenda na kurudi siku moja, Lushoto si hivyo.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni ya lami, kilomita 33, na inapanda karibu mita 1,000 ikipitia Soni. Ni nzuri kuitazama na inadai heshima ya dereva. Injini za magari madogo yaliyojaa huchemsha kwenye kupanda, basi angalia maji ya rejeta Mombo kabla hujaanza. Kushuka ndiko kunakoua breki. Weka gia ya pili, na kwa gari la otomatiki sogeza mkono wa gia hadi L au 2, uiache injini izuie gari, na breki iguswe kwa vipindi. Ukiikanyaga mfululizo toka Soni hadi Mombo utasikia harufu ya kuungua, na baada ya hapo kanyagio huwa laini bila kazi. Wakati wa masika kingo za barabara hulainika na mawe na udongo huporomoka. Usisafiri usiku katika miezi hiyo. Anayeugua kichefuchefu akae mbele, ale kidogo, na gari lisimame Soni, ambako maporomoko yako kando ya barabara.

Njia ya Himo kwenda Marangu haina taabu hizo. Ni lami, inapanda bila kona kali, na magari ya abiria hupita mara kwa mara. Wanaotoka Kenya wanaifaidi zaidi: ukipita Voi, Taveta na Holili, Himo iko jirani kabisa na mpaka.

Kutembea Lushoto

Hapa ndipo Lushoto inapoishinda Marangu, na kwa mbali. Unaweza kutoka mlangoni mwa nyumba ya wageni na kutembea siku nne bila kurudia njia, huku karibu kila bonde lina kijiji, duka la soda na mtu wa kumsalimu.

Anza na Irente. Ni kilomita 5 au 6 kutoka mjini, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kwa miguu ukipitia Yoghoi. Mwisho wa njia ardhi inakatika: genge lenye kina cha karibu mita 1,000, na chini yake Mazinde, mistari ya mkonge na nyika. Genge linatazama magharibi, kwa hiyo watu hulikimbilia jioni. Tunashauri asubuhi ya saa 3 au 4, ukungu ukishapasuka na jua likiwa nyuma yako. Jioni unakuwa na jua machoni, na ukishalitazama likizama una saa moja na nusu ya kurudi gizani, kwenye njia isiyo na taa. Ukiamua jioni, panga bodaboda au gari la kukurudisha kabla hujaondoka mjini. Septemba na Oktoba vumbi na moshi wa mashamba ya nyikani hutia utusitusi na mandhari hufifia. Mvua za kwanza za vuli huiosha hewa. Njiani kuna shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri, linalouza jibini, mkate, jamu na maji ya matunda, na linaruhusu kupiga hema. Chakula cha mchana cha mtembeaji kimekamilika pale.

Siku ya pili iwe ya Magamba, kama kilomita 8 juu ya mji. Ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Kuna ada ya kuingia na unatakiwa kuwa na mwongozaji. Lipia ofisini, si mkononi mwa mtu aliyekufuata sokoni. Ndani kuna miti mikubwa ya mikulo, mbega, na vinyonga ambao hutawaona bila jicho la mwenyeji. Usambara ndiyo nyumbani pa yale maua madogo ya zambarau yanayopandwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka Ulaya mwaka 1892, na jina la kisayansi yalilopewa hapo awali, Saintpaulia, limetokana naye. Hupenda miamba yenye kivuli na unyevu. Usiyang'oe.

Kisha ile safari tunayoiona kuwa sababu kubwa ya kwenda Lushoto: kutembea hadi Mtae. Mtae iko ukingoni mwa kaskazini-magharibi mwa safu, kama kilomita 60 kwa barabara. Kwa miguu huchukua siku tatu, nne kwa wasio na haraka. Siku ya kwanza unavuka msitu wa Magamba na kushukia upande wa Lukozi, kitovu cha viazi na kabichi. Ya pili unafika Rangwi, ambako masista wana nyumba safi ya wageni. Ya tatu unatembea ukingoni hadi Mambo na Mtae, Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi ikiwa chini yako, na asubuhi iliyo safi Kilimanjaro huonekana kwa mbali. Kila siku ni kilomita 15 hadi 20 za kupanda na kushuka. Kinachowashinda watu ni kushuka: udongo mwekundu ukilowa huteleza, na raba zenye soli laini hazishiki chochote. Viatu vyenye meno na fimbo moja ya kutembelea vinatosha. Kata kucha za vidole vya miguu kabla ya safari, la sivyo mteremko wa siku ya pili utazitia damu.

Mambo matatu ya Mtae yapangwe mapema. Kwanza, mabasi ya kurudi Lushoto huondoka alfajiri sana. Ulizia saa jioni yake na umwambie kondakta unapolala. Pili, usitegemee mashine ya kutolea fedha ukishaondoka Lushoto mjini. Tatu, mwongozaji. Njia nyingi hazina alama, na vijia vya mashambani hugawanyika kila baada ya mita mia mbili. Chukua mwongozaji kupitia ofisi inayojulikana, kama Friends of Usambara mjini, na muandikiane ni nini kimo katika bei: chakula, malazi, ada za msitu na za vijiji, nauli ya kurudi. Ugomvi mwingi wa safari hizi hutokana na ada ambazo kila upande ulidhani mwenzake atalipa.

Kutembea Marangu

Marangu ina siku moja kubwa na siku moja ndogo.

Siku kubwa ni kupanda hadi Mandara na kurudi. Geti la Marangu ndilo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1973 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987. Kutoka getini hadi Mandara ni kama kilomita 8, saa tatu hadi nne kwenda na mbili au zaidi kidogo kurudi. Njia imetengenezwa vizuri, haihitaji kukwea, na karibu yote imo msituni chini ya miti yenye ndevu za kuvu, ambako mbega na kima huonekana. Ukifika Mandara bila kuchoka, ongeza dakika 15 hadi 20 hadi kreta ya Maundi. Pale msitu unaisha, unauona Mawenzi (mita 5,149), na upande wa pili nchi ya Kenya. Kuishia Mandara bila kufika Maundi ni kukosa sehemu bora ya siku nzima.

Utaratibu usikushtukize. Huruhusiwi kuingia bila mwongozaji mwenye leseni. Ada hazipokelewi taslimu. Unapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu, benki au kadi, kwa hiyo weka salio kabla hujapanda huko. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango cha shilingi kilicho chini sana kuliko cha wageni, lakini lazima uthibitishe uraia: beba kitambulisho chenyewe, si picha yake kwenye simu. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi mlimani, kwa hiyo njoo na chupa ya kudumu, lita 2 kwa kila mtu. Fika getini saa 2 asubuhi. Anayefika saa 4 atamaliza taratibu saa 5, atafika Mandara alasiri, na mwongozaji atamgeuza bila Maundi kwa sababu giza halingoji. Kwa mtu mwenye afya, urefu wa mita 2,720 si wa hatari, ila aliyetoka pwani jana yake huweza kuumwa kichwa kidogo. Dawa yake ni mwendo wa polepole na maji. Kichwa kikizidi, shuka.

Pale getini soma bamba la ukumbusho. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele tarehe 6 Oktoba 1889 wakianzia Marangu, kwa Mangi (mtawala) Marealle, na jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu limo miongoni mwa walioongoza njia. Wengi hupita mbio kuelekea msituni wasione kwamba historia ya mlima huu ina watu wa kijiji hiki ndani yake.

Siku ndogo ni ya chini. Maporomoko ya Kinukamori yako karibu na Marangu Mtoni na yanafikika kwa urahisi. Kilasiya yana korongo refu zaidi na ni mazuri zaidi kwa maoni yetu, ila ngazi zake ni za mwinuko mkali na huteleza mwaka mzima. Ndoro nayo iko jirani. Mawili kati ya hayo yanatosha kwa siku. Usioge chini ya maporomoko mvua ikiwa imenyesha juu mlimani: maji hupanda ghafla hata kama mahali uliposimama kuna jua. Kisha kuna kihamba chenyewe, shamba la nyumbani la Wachaga, ambapo mgomba hukinga kahawa, mti mkubwa hukinga mgomba, na mfongo, yaani mfereji, huleta maji kutoka juu. Ziara nzuri ya kahawa inakupitisha hatua zote: kuchuma, kumenya, kuvundika, kuanika, kutwanga, kukaanga, kunywa. Ukitaka kuchuma kweli, njoo kati ya Julai na Desemba. Nje ya hapo utaonyeshwa punje zilizohifadhiwa. Upande wa Mamba kuna wahunzi wanaofua chuma kwa mivukuto, na mapango ambamo Wachaga walijificha na mifugo yao wakati wa vita. Mapango ni membamba. Asiyependa kubanwa abaki nje.

Baada ya hapo, kwa mtembeaji, Marangu imekwisha, isipokuwa unalipia kwenda Horombo, kituo kinachofuata Mandara, na juu zaidi, na hiyo ni safari ya aina nyingine.

Ukiwa na watoto au wazazi

Kwa mzee mwenye magoti mabaya, Marangu. Gari linakufikisha karibu na Kinukamori na kwenye ziara ya kahawa, na hata kutembea nusu saa ndani ya msitu juu ya geti si kazi, ukishalipa ada. Lushoto ni ya kupanda na kushuka hata kwenda sokoni. Irente inafikika kwa gari, basi mzee hatakosa kila kitu.

Kwa watoto wa miaka minane na kuendelea tunaipendelea Lushoto: hatua zinakatwa vipande, kuna shamba, kuna matunda, na uchovu ukija kuna bodaboda. Tahadhari ni moja tu na hatuilegezi. Usitegemee uzio kwenye genge la Irente. Mtoto ashikwe mkono kabla ya kufika ukingoni, si baada ya kufika.

Cha kubeba

Orodha ni ileile kwa miji yote, isipokuwa uzito. Fulana mbili zisizo za pamba, sweta nene, koti la mvua lenye kofia (mwavuli haufai msituni, hunasa matawi), soksi jozi mbili za ziada ndani ya mfuko usiopitisha maji, tochi ya kichwani, kofia ya jua, biskuti au karanga, chumvi na sukari za kuongezea maji mwilini, plasta za malengelenge. Kwa Mandara ongeza glovu na kofia ya sufu. Jaribu viatu nyumbani wiki mbili kabla. Viatu vipya siku ya safari ni malengelenge ya uhakika. Umesahau koti? Karibu na geti la Marangu na mjini Moshi yanakodishwa. Lushoto, nenda kwenye mitumba ya sokoni, ambako masweta mazito hayakosekani.

Mwezi kwa mwezi

Januari na Februari: Marangu, kwa ajili ya mlima. Lushoto nayo ni nzuri, yenye mchana wa joto na plamu sokoni.

Machi hadi Mei: bora usiende kokote kati ya hizo. Kama likizo imeangukia hapo, chagua Lushoto mwanzoni mwa Machi, au ukubali Marangu ya mtori na machalari (vyakula vya ndizi) na kukaa ukumbini ukisikiliza mvua. Maporomoko huwa yamefura, na hilo kwa wengine ni sababu tosha.

Juni hadi Agosti: Lushoto bila wasiwasi, hasa kuanzia mwisho wa Juni. Huu ndio wakati wa kutembea hadi Mtae. Nchi ni ya kijani, tope limekauka, jua halichomi.

Septemba hadi mwanzo wa Oktoba: popote. Marangu mawingu yamepungua. Lushoto mandhari ya mbali ina utusitusi lakini njia ni kavu kabisa.

Novemba: vuli. Mvua mara nyingi huja mchana, kwa hiyo tembea asubuhi.

Desemba inahitaji neno lake. Wachaga hurudi nyumbani kwa Krismasi, na kuanzia katikati ya mwezi mabasi ya kwenda Moshi hujaa, nauli hupanda, na vyumba vya Marangu hushikwa na familia zilizohifadhi mapema. Anayetaka ukimya asije wakati huo. Anayetaka kuiona Marangu ikiwa imechangamka, kuna mbege (pombe ya ndizi), nyama na jamaa kila kihamba, aje, ila akate tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, kwa sababu wiki ya kwanza ya Januari mabasi ya kurudi Dar hujaa vilevile. Lushoto haifurikiwi namna hiyo. Mwenye kuamua tarehe 20 Desemba atapata chumba Lushoto kwa urahisi kuliko kiti cha basi la Moshi.

Anayetaka yote mawili kwa wiki moja aanze Lushoto, siku nne, ashuke Mombo asubuhi mapema na kudaka basi la kuelekea Moshi, kisha alale Marangu usiku mbili. Miguu itakuwa imeshazoea kupanda, na mwili umeshazoea baridi. Mombo magari mengi ya masafa husimama kwa dakika chache tu na yanaweza kuwa yamejaa toka Dar, kwa hiyo piga simu kampuni ya basi siku moja kabla na uwaombe wakuwekee kiti, ukiwatajia kwamba unapandia Mombo na unashukia Himo. Ukipitiliza hadi Moshi itakubidi urudi nyuma karibu kilomita 27 kuifuata Himo.